Nimepata 27 kwenye test ya uwekezaji, wiki hiyohiyo nimepigwa laki nne

Shikamoo Anti.

Naomba usitaje jina langu wala chuo changu maana Moshi ni padogo, ukipiga chafya Majengo mtu wa Soweto anakwambia pole. Niko mwaka wa pili, nasoma benki na fedha, na semista hii tuna kozi ya kanuni za upangaji wa uwekezaji. Kusema ukweli ndo kozi naipenda kuliko zote. Lekchara wetu ni mzee mmoja mpole anaandika ubaoni kwa chaki mpaka mkono wa shati unakuwa mweupe, katufundisha thamani ya hela kwa muda, hisa, hatifungani (unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba), riski na faida, na yule mchumi Markowitz na mstari wake uliopinda, unaoonyesha kwa kila kiasi cha riski faida kubwa kabisa unayoweza kutegemea. Test ya kwanza swali kubwa lilikuwa potfolio (yaani mkusanyiko wa uwekezaji) ya vitu viwili, unapewa faida ya kila kimoja, unapewa standadi deviesheni (faida inayumba kiasi gani), unapewa korelesheni (vinapanda na kushuka pamoja kiasi gani), halafu utafute riski ya vyote kwa pamoja. Nilipata 27 kati ya 30.

Sasa shida yangu inaanzia hapa. Boom lilivyotoka (hela ya kujikimu ya Bodi ya Mikopo, sisi tunapewa elfu 10 kwa siku, kwa hiyo siku 60 ni laki sita) rumeti wangu akanionyesha apu moja kwenye simu yake. Unaweka hela, wanasema kuna roboti inatredi dola za kidijitali, kila siku saa mbili usiku unabonyeza kitufe cha kijani inakuongezea asilimia 3. Kazi yako kubonyeza tu. Yeye alikuwa kashatoa mara mbili, elfu 40 na elfu 65, na mimi nilikuwepo meseji inaingia. Nikaweka laki nne. Siku ya kwanza nikaona elfu 12 imeongezeka, yaani sijafanya chochote Anti, nimekaa kitandani. Nikawa nabonyeza hata tukiwa kwenye mazoezi ya kwaya, naenda chooni kubonyeza. Siku ya ishirini ilikuwa inasoma laki saba na elfu ishirini na mbili.

Na kibaya zaidi, ukileta mtu wanakupa asilimia 8 ya alichoweka, basi nikamleta binamu yangu anayeendesha bodaboda Pasua, akaweka laki na nusu aliyokuwa anatunza afanyie injini. Alisema wewe si ndo unasomea haya mambo, sina haja ya kuuliza.

Alhamisi asubuhi lekchara akarudisha karatasi za test, 27. Jioni ileile saa mbili nabonyeza kitufe kinazunguka tu. Kwenye grupu la Telegram wakafunga, hakuna anayeweza kuandika isipokuwa wao. Kesho yake wakaleta tangazo kwamba mfumo unakaguliwa, kila mtu alipie asilimia 20 ya salio lake akaunti ithibitishwe ndo atatoa. Kwangu inakuja kama laki na elfu 49. Rumeti kashalipa ya kwake, mpaka leo ni wiki ya pili kimya.

La mwisho, na hili ndo linaninyima usingizi. Mama yangu yuko Kibosho, yuko kwenye kikoba cha kina mama 14, na kila Desemba wanavunja wanagawana. Mwaka huu wamekubaliana kila mmoja aache laki tatu, jumla milioni 4 na laki mbili, wanikabidhi mimi niwawekezee. Mama kawatangazia mwanangu anasomea uwekezaji na kapata 27 kati ya 30 (mimi mwenyewe ndo nilimpigia kujisifu). Mwenyekiti wao akinikuta njiani ananiita "benki yetu". Jumamosi ya wiki ijayo wanakaa nyumbani kwetu na mimi natakiwa kupanda huko nikawaambie mpango. Kuhusu apu mama hajui chochote.

Sa Anti, nilipe ile asilimia 20? Hizo za kina mama nipeleke kwenye hatifungani ya serikali ya miaka 20 maana nimesoma ndo zenye riba nzuri, au nigawanye kama Markowitz? Na je, nibadilishe kozi? Najiona kama mtu anayesomea udaktari halafu akiumwa anaenda kununua dawa kwa yule jamaa wa kipaza sauti pale stendi.

Mimi mwenye 27,
Moshi

*

Marahaba mwanangu, na pole sana.

Cha haraka kwanza: usilipe. Hata mia. Mtu anayekudai hela ili akupe hela yako, huyo hana hela yako. Kama kweli salio lako lipo wangekata hiyo asilimia 20 humohumo wakutumie inayobaki, si ndivyo, mbona hawafanyi hivyo? Kwa sababu hakuna cha kukata. Ile laki saba na kitu ulikuwa unaiangalia ni namba imechorwa kwenye skrini, laki nne zako ziliondoka siku ileile ulipoziweka, na pengine elfu 65 ya rumeti wako ilitoka kwa binti mwingine kama wewe. Zile hela mbili alizotoa zilikuwa chambo, na chambo huwa ni chakula kweli, ndo maana samaki anakula. Hifadhi picha za skrini, namba ulizotumia hela na tarehe, mkaripoti polisi wewe na wenzako kwa pamoja, ila usiende huko ukitegemea kurudi na laki nne mkononi. Hesabu kwamba zimeenda.

Sasa chukua kikokotoo chako, kilekile ulichoingia nacho kwenye test. Andika 1.03 ipandishe kwa kipeo cha 365. Inakuja elfu 48 na ushee. Zidisha na laki nne. Zaidi ya bilioni 19, mwanangu, kwa mwaka mmoja, kutoka kwenye boom. Unajua hili, mlifundishwa wiki ya kwanza au ya pili kwenye thamani ya hela kwa muda, na hata kama hutaki vipeo kuna ile njia ya mkato ya 72, unagawa 72 kwa riba unapata muda wa hela kujizidisha mara mbili. Kwa asilimia 12 kwa mwaka ni miaka sita. Kwa asilimia 3 kwa siku ni siku 24. Charles Ponzi mwenyewe, ambaye utapeli wa aina hii umebeba jina lake mpaka leo, mwaka 1920 kule Boston aliahidi watu asilimia 50 kwa siku 45, na dunia nzima ikamkumbuka kama mwongo mkubwa. Hiyo apu yenu kwa siku 45 inatoa karibu asilimia 280. Ponzi alikuwa na aibu kidogo.

Na huna haja ya kwenda Boston. Muulize mama yako kuhusu DECI, ule upatu wa hapahapa kwetu. Wewe ulikuwa mdogo sana, lakini mpaka serikali inawazuia mwaka 2009 watu walikuwa wanapanga foleni "kupanda mbegu" wakisubiri kuvuna, na wengi walivuna kweli mwanzoni, ndo wakaenda kuwaita majirani. Nina uhakika kwenye wale kina mama 14 hawakosi wawili wenye stori yao.

Sasa unasema unajiona mjinga, kwamba kusoma hakukusaidia. Mimi nakataa. Soma tena barua yako, sehemu unayoeleza lile swali la test. Umeandika unapewa faida, unapewa standadi deviesheni, unapewa korelesheni. Unapewa, unapewa, unapewa. Mwalimu kashafanya kazi ngumu yote, wewe umefanya kazi ya kikokotoo. Huku nje hakuna anayekupa, na nusu ya kozi yako ni kuuliza hizo namba zimetoka wapi, nani kazihakiki, anazilipaje. Ila namba mojawapo hata hivyo ulikuwa nayo na hukuiona. Asilimia 3 leo, asilimia 3 kesho, asilimia 3 Jumapili, haikushuka hata siku moja. Tafuta standadi deviesheni ya hiyo. Sifuri! Hati za serikali za muda mfupi, zile ambazo vitabu vyenu vinaziita hazina riski, zinalipa asilimia kadhaa kwa mwaka mzima, halafu wewe umeshika kitu chenye riski sifuri kinacholipa asilimia 3 kwa siku. Ule mstari uliopinda wa Markowitz ukiuchora na ukataka kuweka nukta ya hiyo apu, nukta inatoka kwenye karatasi, inatoka kwenye dawati, inaenda kutua kule barabara ya Arusha. Hapo ndo palikuwa pa kupiga kelele. Siku ukimsahihishia mtu test mwenyewe, weka swali hilo.

Kuhusu binamu. Mpigie. Na nikisema mpigie sina maana ya kumtumia meseji ndefu yenye emoji za kulia. Asilimia 8 ya laki na nusu ni elfu 12, kama ulipewa kweli mkononi hiyo ni hela yake, mrudishie wiki hii. Halafu ile laki na thelathini na nane iliyobaki kaeni mkubaliane, hata kama ni elfu 20 kila boom likitoka. Kisheria sijui kama kuna atakayekubana, lakini yeye hakuiamini apu, aliyeaminiwa ni wewe na kozi yako. Na injini ya bodaboda ndo ofisi yake.

Haya, kina mama wa Kibosho.

Usiguse hizo hela. Zisipite kwenye simu yako, zisipite kwenye akaunti yako, hata kwa usiku mmoja. Kwanza kupokea hela za watu na kuwawekezea, au kujiita mshauri wao, ni kazi ya leseni tangu ile sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ya 1994, na anayetoa leseni ni mamlaka ya masoko ya mitaji na dhamana, haitolewi na mwenyekiti wa kikoba. Pili, uko chuoni, una deni la laki moja na ushee kwa binamu, rumeti wako anaweza kukuletea mchongo mwingine Februari. Nakupenda lakini nisingekuachia milioni nne. Hela ikae kwenye akaunti ya kikundi yenye jina la kikundi na watia saini wao. Waulize pia kama kikoba chao kimesajiliwa halmashauri, maana tangu sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 hivi vikundi navyo vinatakiwa visajiliwe, na kikundi ambacho hakijasajiliwa kikienda kufungua chochote kwa jina lake kitasumbuka.

Unachoweza kuwapa ni kitu kingine na ni kikubwa. Wape mada ya kwanza. Najua mada ya kwanza mliipita haraka, kila mtu anaipita haraka kwa sababu haina fomula: mteja ni nani, anataka nini, lini, anaweza kuvumilia hasara kiasi gani, ana mzigo gani mwingine. Lekchara aliandika vipengele vyake ubaoni, wewe ukanakili ukasubiri afike kwa Markowitz. Mimi pia nilifanya hivyo. Nilimaliza chuo nikapata kazi Arusha, nikajiona fundi, nikanunua hisa kwa hela ya kodi ya nyumba niliyokuwa nimepanga Njiro, kodi inadaiwa baada ya miezi minne. Kampuni siitaji, na haikunifanya kitu, ilikuwa kampuni halali iko soko la hisa la Dar na ilikuwa inatengeneza faida. Bei haikuanguka hata. Kilichotokea ni kwamba nilipotaka kuuza hapakuwa na mnunuzi. Nimeweka oda, wiki ya kwanza kimya, wiki ya pili wakauziwa watu hisa 40 zangu, arobaini tu, wiki ya tatu mwenye nyumba anagonga mlango na mimi namweleza maneno ya "ukwasi wa soko". Akaniuliza huo ukwasi unalipa kodi? Nilikopa kwa dada yangu. Fomula zote nilikuwa nazijua, sikuwa nimejiuliza swali moja la mada ya kwanza: hii hela naitaka lini?

Kwa hiyo Jumamosi panda na daftari la mistari, si na laptop. Anza kwa kuwaambia ukweli kuhusu apu. Ndiyo, mbele ya wote, na mama umwambie usiku kabla asisikie pamoja na watu. Najua ni ngumu lakini fikiria, mwenyekiti mtu mzima akishasikia kwamba mwenye 27 kapigwa laki nne, siku kijana mwingine atakapomletea kitufe cha kijani (na atamletea, mwaka haupiti) atakumbuka.

Halafu mkae mmoja mmoja, kila mmoja ukurasa wake, na maswali ni machache. Hii laki tatu ni ya nini? Unaitaka mwezi gani? Ikiwa laki mbili na ishirini siku unayoitaka, utafanyaje? Una deni wapi? Usiulize "uko tayari kubeba riski", kila mtu mbele ya wenzake yuko tayari. Uliza utafanyaje, utaona uso. Yule atakayesema "basi mtoto hataripoti fomu one" kashakujibu, hela yake ni ya Januari, wala haina biashara na soko lolote, arudishiwe Desemba kama kawaida. Yule mwenye mkopo sehemu unaomkata asilimia kadhaa kwa mwezi, uwekezaji wake bora ni kulipa ule mkopo, hakuna hatifungani ya serikali itakayoshinda riba hiyo. Na mtakuta labda wanne au watano ambao hela kweli ni ya mbele, ya kuzeekea, au ya kujengea jiko. Kumbe hukuwa na potfolio moja ya milioni 4 na laki mbili, una laki tatu kumi na nne na kila moja ina mwenyewe na ina tarehe. Inawezekana kabisa jibu la mkutano likawa vunjeni kikoba mgawane, na ukitoka na jibu hilo utakuwa umefanya kazi nzuri kuliko wataalamu wengi waliovaa tai.

Ile hatifungani ya miaka 20 uliyoisema. Ni kitu kizuri, sina ugomvi nayo, Benki Kuu inaendesha minada, unaingia kuanzia milioni moja, riba unapewa kila baada ya miezi sita. Lakini mama mwenye miaka 58 ukimwekea miaka 20 mtaji wake unarudi ana 78. Utaniambia anaweza kuuza kabla, ndiyo anaweza, ila kwa bei gani? Mwaka 2022 riba ya hatifungani mpya za miaka 20 ilishushwa kutoka asilimia 15.49 mpaka 12.10. Waliokuwa wameshika za 15.49 wakawa wafalme, kila mtu anazitaka, bei ya za kwao ikawa juu. Igeuze hiyo: mama kashika ya 12, zinatoka mpya za 15, nani atanunua ya kwake kwa bei aliyonunulia? Atauza kwa hasara, na hati iko salama na serikali haijakwepa kulipa hata senti. Na kadri miaka iliyobaki ni mingi ndo bei inayumba zaidi. Hili mtalifika kwenye kozi mkifika kwenye hatifungani kwa undani, usilipite haraka. Kwa wale wenye hela ya mbele ambao hawafikishi milioni, au wanaotaka kuweza kuitoa bila kusubiri mnunuzi, kuna mifuko ya uwekezaji wa pamoja (watu wengi wanachanga, meneja anawawekezea), ile ya UTT imekuwepo tangu Mfuko wa Umoja wa 2005, na upo wa Ukwasi ambao ni wa watu wanaoweza kuhitaji hela yao karibuni. Bei ya kipande, yaani sehemu yako ndani ya mfuko, nayo inaweza kushuka, waambie hivyo kabla hawajauliza. Kikundi kiende chenyewe, kijaze fomu chenyewe, wewe kaa pembeni uwasomee maandishi madogo.

Na Markowitz, nakuomba usiwachoree kina mama ule mstari, wanao wa kwao. Simama pale uwani kwenu uangalie kihamba. Juu mgrevilea, chini yake mgomba, chini ya mgomba kahawa, chini kabisa maharage na magimbi, pembeni ng'ombe anakula majani ya mgomba na samadi inarudi shambani. Bibi yako hakumsubiri mtu aandike makala Marekani mwaka 1952. Kahawa bei ikiwa mbaya mnadani ndizi inaliwa na inauzwa, ndizi ikipata ugonjwa maziwa yapo, mambo yakiwa mabaya kabisa mti unakatwa mbao. Hiyo ndo korelesheni ndogo, unaweka pamoja vitu visivyougua siku moja. Halafu waulize: mwaka mvua ikigoma? Watakwambia siku hiyo kahawa, mgomba na majani ya ng'ombe vyote vinalia pamoja. Basi hapo umewafundisha ile riski isiyotawanyika hata upande vitu mia, na wao wamekufundisha kwa nini mtoto mmoja wa nyumba yuko Dar anauza duka.

Na nikuchekeshe kidogo. Markowitz huyo aliyepata Nobel mwaka 1990 kwa hiyo kazi, alipotakiwa kupanga akiba yake mwenyewe ya uzeeni hakupiga hesabu ya mstari wake, aligawa nusu hisa nusu hatifungani. Alieleza baadaye kwamba aliwaza tu atakavyoumia hisa zikipanda yeye hayumo, au zikianguka yeye yumo mzima. Yaani mwenye fomula alijiuliza "nitafanyaje", swali lilelile la kwenye daftari lako.

Kozi usibadilishe. Watu wengi darasani mwako wanajua hiyo mada kwenye makaratasi tu, wewe umeilipia ada mara mbili. Kile kidole kinachowashwa kubonyeza kila saa mbili usiku kipeleke kwenye shindano la wanafunzi la soko la hisa la Dar likitangazwa, unacheza kwa hela za kufikirika na ukipoteza hupotezi injini ya mtu. Ila kumbuka boom lenyewe ni mkopo, ukiajiriwa Bodi inakata asilimia 15 ya mshahara, kwa hiyo zile laki nne ulizopigwa bado utazilipa. Ziandike kwenye ukurasa wako wa daftari, maana na wewe unahitaji ukurasa, wa kumi na tano, maswali yaleyale.

Ukishashuka kutoka Kibosho niandikie. Nataka kujua hasa wangapi kati ya wale 14 walisema Januari, mimi nimekadiria tisa.

Anti yako,
Arusha